Ulimi Wangu na Bia ya Albina

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nimeamka mtu asiye na kazi. Nalala mwonja bia.

Albina kanipigia simu. Huyu ni binti wa marehemu mzee Anselmi wa Naipingo, aliyekwenda Dar kusomea mambo ya maabara, akaishia kwenye kiwanda kidogo kinachopika bia kidogo kidogo, kwa mikono, kama mtu anayepikia harusi ya ndugu yake. Sasa kapika ya kwake. Anaiita mvinyo wa shayiri, ingawa ni bia. Nguvu yake asilimia kumi na moja. Imetiwa hopsi nyingi kupita kawaida. Hopsi, kanieleza taratibu, ni maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu. Anatafuta wakala mmoja tu wa Nachingwea na Ruangwa. Jumamosi mchana atawaonjesha wanaoitaka kazi, bustanini kwenye gesti moja pale Ruangwa, na atamchukua yule anayeweza kumweleza mteja kile anachokunywa.

Nikamwambia huyo mtu keshapatikana. Akacheka. Akasema amesikia pia sifa za Fortunatus, mwenye baa karibu na stendi, ila namba yake hana, hivyo nimfikishie habari. Nikamjibu bila shaka, mwanangu.

Fortunatus! Mtu anayeamini bia zote ni moja, chupa tu ndizo mbalimbali. Mimi nimepima korosho ghalani miaka mingi, mpaka waliponiondoa kwa sababu ya mzani. Mzani ndio uliokuwa na kosa. Na ulimi ni nini kama si mzani mwingine?

Scholastika sijamwambia. Mke wangu hupokea mambo makubwa vizuri zaidi yakishatokea.

Jumanne, 5 Novemba

Mazoezi yameanza. Nimesoma kwenye simu kwamba wajuzi wakionja bia ya namna hii husikia ganda la chungwa, sukari guru, tumbaku na ngozi. Si ngozi ya mbuzi. Ngozi ya viatu.

Ganda la chungwa nimetafuna. Sukari guru nimelamba. Tumbaku nimeomba kwa jirani, nikatafuna, nikatapika kidogo nyuma ya choo. Ngozi ilibidi nitumie kiatu cha kanisani cha Scholastika, kwa kuwa changu ni cha plastiki. Kina ladha ya kiwi, ile dawa ya viatu, na vumbi. Akaingia ulimi ukiwa nje. Akauliza nafanya nini. Nikasema nakagua soli. Akasema soli iko upande wa pili.

Halafu uchungu. Hapa ndipo wengine wataanguka. Mtu asiyezoea atakunja uso mbele ya Albina, na uso uliokunjwa hauuzi bia. Mimi sitakunja. Nimeanza kutafuna majani ya mwarobaini asubuhi, mchana na jioni. Ya jioni yaliniliza.

Jumatano, 6 Novemba

Mwarobaini sasa naumudu. Chai ya asubuhi ilikuwa chungu, muhogo mchungu, maji machungu. Dalili njema. Ulimi unafunguka.

Nimekutana na Fortunatus stendi. Kaniuliza kama ni kweli binti wa mzee Anselmi anatafuta wakala. Nikasema kweli kabisa, Jumamosi mchana. Akauliza wapi. Nikasema Mandawa.

Sikupanga. Lilinitoka lenyewe, na lilipotoka nikaliona ni zuri. Akauliza Mandawa sehemu gani, nikamwambia afike aulizie, kule wanajuana. Kwa hakika nimemtendea wema. Njia ya kule ni vumbi na mchanga, lakini mtu wa baa anahitaji hewa safi.

Akanishukuru, akaninunulia soda. Ilikuwa chungu.

Alhamisi, 7 Novemba

Scholastika amekwenda Mtua kumwona dada yake, atarudi Jumamosi. Nafasi imejileta. Wakala anahitaji stoo. Chumba cha mbele kilikuwa kinakaliwa na cherehani yake, meza ya kukatia, na vitambaa vya sare za shule ambazo wazazi watazidai Januari. Vyote nimevitoa nje, nikavipanga barazani. Nimevifunika na kanga upande unaoonekana barabarani. Chumba sasa ni kikubwa kama ofisi ya mkurugenzi. Nimesimama katikati yake muda mrefu, mikono nyuma.

Nimemwagiza Jamali fundi rangi anichoree kibao: JONASI, WAKALA WA BIA KALI, NACHINGWEA NA RUANGWA. Akauliza kama uwakala nimeshaupata. Nikamwuliza yeye huwa anachora au anahoji.

Leo ulimi hausikii chochote. Nimekula ugali na dagaa, nikajua ni dagaa kwa macho. Umetulia. Unangoja kazi yake.

Ijumaa, 8 Novemba

Nina maumivu. Naandika kwa ufupi.

Bia ya asilimia kumi na moja lazima iwe na ukali wa kuunguza. Nikaona nizoeze na midomo. Nikachukua korosho mbichi, na ganda lake, nikaing'ata. Mtu aliyepima korosho maisha yake anajua kwamba ganda lina mafuta yanayobabua ngozi. Nilijua. Nilifikiri yanababua wasiojua.

Mdomo wa juu umevimba kama andazi. Mwanaima, jirani, kaniletea mafuta ya nazi. Kasema hata wajukuu zake hawang'ati hiyo. Nimempa shukrani, lakini yeye kasikia neno lingine, maana herufi kadhaa hazitoki.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeshinda. Nadhani nimeshinda. Bia nzuri sana. Watu wazuri. Fortunatus mtu mwema ajabu, sijui kwa nini sikuliona zamani. Isihaka wa bodaboda kanifunga kiunoni mwake kwa mpira wa kufungia mizigo, tumerudi salama. Kalamu inakwenda yenyewe. Scholastika amerudi. Yuko barazani, hasemi kitu. Labda ni furaha.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda kanisani. Kichwa hakiingii mlangoni.

Nimemwita Isihaka anikumbushe mambo ya jana. Yeye hanywi, alikuwa amekaa karibu na pikipiki yake akila mabibo, na kaona kila kitu. Baadhi nilikuwa nayakumbuka. Mengine nilikuwa nimejaliwa kuyasahau.

Tulifika Ruangwa mapema. Bustanini palikuwa na meza, glasi ndogo, na Bi Lusiana, mwenye mgahawa pale mjini, mama mpole aliyekuja kuona tu. Albina hayupo. Tukangoja. Nilipoanza kujisifia moyoni kwamba Fortunatus saa hizi anaulizia njia kwa mbuzi wa Mandawa, kirikuu chake, kile kigari cha mizigo, kikaingia getini. Kinaendeshwa na yeye. Pembeni yake Albina. Nyuma kreti za bia.

Ilikuwaje? Albina alikuwa amepitia Mandawa kumsalimia shangazi yake. Gari alilokodi likazama mchangani. Jua kali, bia inapata moto, simu haina mtandao. Akatokea Fortunatus, anamtafuta yeye. Akahamisha kreti, akazifunika na magunia yaliyoloweshwa maji, wakaja.

Nani mwingine hapa duniani anatumwa porini kupotea, akamkuta huko huko mtu anayemtafuta?

Walinisalimia vizuri. Albina akanipa shikamoo, akatazama mdomo wangu, akauliza kama niko salama. Nikasema nyuki. Hakuna aliyenigusia habari ya Mandawa. Nikashukuru Mungu kwamba hawakulinganisha maneno.

Kuonja kukaanza. Bia ina rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, povu lake zito. Albina akatumiminia kidogo tu, chini ya glasi. Akatuomba tunuse kwanza, tuache ipate uvuguvugu, tunywe kidogo kidogo. Fortunatus akanusa. Bi Lusiana akanusa. Mimi nikainywa. Wajuzi hawana haja ya kubembeleza.

Sikusikia kitu. Nilikuwa kama mtu aliyemeza maji ya bomba ndani ya ndoto.

Albina akauliza tumeuonaje uchungu. Alisema hapo ndipo alipohangaika zaidi, hopsi kazitia mara tatu, ndiyo sifa ya bia yake. Nikaona nitangulie kabla Fortunatus hajaharibu. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyekwenda mbali akarudi, kwamba uchungu hamna.

Akadhani hakunisikia kwa ajili ya mdomo. Nikarudia. Hamna kabisa, mwanangu, labda siku ile mlisahau kuutia.

Bi Lusiana, ambaye machozi yalikuwa yanamlengalenga kwa uchungu, akanitazama kama anatazama mgonjwa.

Albina akanimiminia tena. Nikainywa tena, hamna. Akamimina ya tatu, naye sasa ameshikilia meza. Hamna. Baada ya hapo, anasema Isihaka, nilijimiminia mwenyewe, nikisema nautafuta. Niliutafuta mpaka chini ya chupa, kisha kwenye chupa ya pili.

Fortunatus alipoulizwa alisema hivi: ni chungu, hakuipenda alipoanza, lakini ameshangaa kuona mkono wake unarudi kwenye glasi. Basi. Hayo tu! Hata ganda la chungwa hakulitaja. Nikaona nimsaidie Albina ajue tofauti ya mtu na mtu. Nikasimama. Nikatangaza kwamba nasikia tumbaku. Nasikia sukari guru. Nasikia ngozi. Albina akauliza ngozi ya namna gani, na Isihaka anaapa nilijibu, "Kiatu cha mke wangu, cha kushoto."

Wakacheka. Nikafikiri ni kicheko cha kukubaliwa. Moyo ukajaa upendo. Nikamshika Fortunatus mabega, nikamwambia mbele ya watu wote, "Ndugu yangu, Mandawa nilikutuma mimi. Nilitaka upotee. Na tazama, umefika!"

Fortunatus hakutikisika. Akasema, "Tunajua, Jonasi. Tumelizungumza njia nzima."

Njia nzima. Walikuwa wanajua tangu wanaingia getini. Na bado wakanipa glasi.

Albina akaichukua ile chupa mkononi mwangu, pole pole, kama mtu anavyochukua kisu kwa mtoto. Akasema, "Mzee wangu, mimi nilikuamini na ujumbe mmoja tu. Bia nisingeweza kukuamini nayo hata ungekuwa na ndimi mbili."

Nilimjibu kitu. Isihaka kakataa kuniambia nini.

Jumatatu, 11 Novemba

Uwakala kachukua Fortunatus. Bi Lusiana atakuwa anachukua kwake chupa chache za wageni.

Nimetafakari kosa liko wapi. Naona Albina hana uzoefu wa kuchagua watu. Vilevile, mtu akitaka bia yake iitwe chungu, aipike chungu.

Sasa ya nyumbani. Jumamosi mchana, nikiwa Ruangwa, mvua ya kwanza ilipiga Nachingwea. Kanga niliiweka upande wa barabara. Mvua ikatoka upande wa pili. Vitambaa vyeupe vya mashati vimechukua rangi ya vile vya bluu, na cherehani ukiizungusha inalia kama mlango wa ghala. Scholastika ameshinda jana yote anakausha na kupangusa. Hakunifokea. Ningependa angefoka. Leo asubuhi kazirudisha meza na cherehani chumbani peke yake, kwa kuwa mimi nilikuwa bado nachagua pa kushika. Kisha akasimama mlangoni.

"Baba Edga," kasema, "hizi sare ni za watoto wa watu. Nitakwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia nimeharibu mimi, maana nikisema ni wewe wataniuliza kwa nini bado niko hapa. Na jibu sina."

Akaondoka na kapu lake. Jambo hilo liliniingia. Nilikuwa karibu kwenda naye, nikakumbuka hali ya mdomo.

Jamali kaleta kibao. Kizuri, herufi nyekundu. Nimemwambia akiache. Jioni nimekikuta juu ya banda la kuku, kimezibia tundu.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku mbili hizi nilikuwa mtu mwingine. Nimefagia uwanja bila kuambiwa. Nimechota maji. Scholastika keshafika nyumba karibu zote. Wengine wamesema mashati yachemshwe tu yatatakata, wengine hawakusema hivyo. Jana kaniwekea chakula na kunikaribisha kwa jina. Ulimi umerudi, nikasikia chumvi, nikafurahi kama mtoto. Nikaahidi moyoni kwamba miradi basi.

Leo mchana Rahimu wa Mtua kanisimamisha njiani. Anatafuta mtu mjini wa kumtunzia mizinga ya nyuki, mizinga ya kisasa, na mtu huyo awe anawajua nyuki vizuri. Nikamwambia kaagizwa kwangu. Akauliza nimewafuga muda gani. Nikamwambia Rahimu, mambo mengine mtu hahesabu miaka.

Nimesoma kwenye simu. Nyuki humtambua mtu asiyewaogopa, na hupenda mahali pakavu, pasipo upepo, penye utulivu. Nimezunguka nyumba nzima, nimepima kwa jicho la mtu wa mizani. Mahali pakavu kuliko pote ni chumbani kwetu, upande anaolala Scholastika.

Mizinga inafika kesho akiwa sokoni. Nitamwambia ikishatulia.