Nusu Ampea Saa Sita Mchana

Orrin Tackett aliiona riziki yake mpya siku alipomkuta Wendell Krause akigonga kioo cha kontrola kwa ukucha, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua wazi kwamba ina watu.

Ilikuwa Januari, Quartzsite, kwenye jangwa la Arizona, msimu ambao wazee wa kaskazini huikimbia theluji na kuja kuegesha trela zao za kuishi juu ya changarawe. Huko hakuna nguzo ya umeme, na kila mtu huishi kwa jua lake mwenyewe. Wendell alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule kutoka Nebraska, mkubwa wa mwili na mwepesi wa kuamini. Wiki ile alikuwa amefunga kontrola mpya, kile kisanduku kinachopima umeme wa paneli unaokwenda kwenye betri, ile yenye kioo cha namba, na tangu hapo hakuwa na raha. Zamani taa zikiwaka alijua kuna umeme, zisipowaka alijua hakuna. Sasa alikuwa na namba.

Juu ziliandikwa volti za betri. Chini yake ampea, yaani umeme unaoingia kutoka kwenye paneli. Asubuhi ampea zilikuwa zimesoma kumi na mbili, Wendell akafurahi. Sasa ni saa sita, jua liko utosini, hakuna wingu hata la kusingizia, na kioo kinasoma nusu ampea, hata moja haijafika.

Orrin alitupia jicho mara moja akaelewa. Betri ya Wendell ilikuwa imeshiba. Kontrola ikiona betri imeshiba huizuilia, huipa kidogo kidogo tu ya kuitunza, hata jua liwake namna gani. Mwenye mali akiona ampea zimeshuka mchana kweupe na volti ziko juu, anapaswa kushukuru. Akiwa na shaka, awashe birika la umeme. Ampea zitapanda palepale, kwa sababu sasa kuna anayekula. Jambo lenyewe ni hilo tu. Lingeelezeka kwa pumzi mbili. Orrin alivuta pumzi mbili, akaamua kutolieleza.

"Mzee," alisema akivua kofia, "una paneli ngapi huko juu?"

"Mbili."

"Pole sana."

Wendell akauliza pole ya nini. Orrin akamweleza, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za hospitali, kwamba paneli nazo huzeeka. Asubuhi hujikaza, mchana hukata pumzi. Ubaya ni kwamba paneli inayokufa haifi peke yake. Huivuta na betri, na betri ikivutwa hushika moto, na moto hauulizi nani amelala ndani. Kwa kuwa yeye Orrin alikuwa na roho ya huruma, angezishusha na kwenda kuzitupa mahali salama, bure kabisa, na angemwachia Wendell paneli mpya ya kisasa. Paneli hiyo ya kisasa ilikuwa na ukubwa wa sinia la chai. Wendell alimshukuru. Alizifungua paneli zake nzima kwa spana yake mwenyewe, akashika upande mmoja zikapakiwa.

Basi Orrin akaifanya kazi hiyo kwa nidhamu ambayo watu wengi waaminifu hawana. Hakutembelea mtu asubuhi, betri zikiwa na njaa, wala siku ya mawingu. Alitokea mchana, kofia mkononi, akaomba kukiona kioo, akatoa pole. Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba mwenye mali asiwashe kitu chochote yeye akiwapo. Mtu akinyoosha mkono kwenye swichi, Orrin alimzuia kwa upole na kumwomba asimwongezee mgonjwa mzigo. Kwa ajili ya sharti hilo alikula vyakula baridi kwenye trela za watu na kuvisifu. Paneli alizokusanya alizifunika turubai kwenye tela lake dogo, akingojea gulio kubwa la mwisho wa mwezi, ambako wageni hununua chochote chenye waya.

Huku nyuma, Wendell alikuwa hapumziki. Yeye hulala na mashine ya kupumulia, maana bila hiyo pumzi humkatika usingizini, na sinia lile la chai halikuweza kuijazia betri umeme wa kuifikisha asubuhi. Mashine ilizimika katikati ya usingizi, akaamka anatweta, akakaa kitandani akiogopa kujilaza tena. Jumapili alisinzia amesimama kwenye foleni ya pankeki kanisani, akamwagia sharubati mchungaji.

Aliyekuwa akikaanga pankeki ni Lavonne Hedstrom wa Fargo. Mama huyu aliuza magari yaliyotumika kwa miaka mingi, na inasemekana hakuwahi kumwambia mteja uongo hata mmoja. Aliwaachia wateja wauseme wenyewe. Alimketisha Wendell, akamuuliza kulikoni, akasikiliza yote huku akigeuza pankeki. Mwishoni alitaka kujua jambo moja tu, yule mtu mwema mwenye kofia anapatikana wapi, maana yeye naye ana paneli ambazo haziridhishi.

Orrin hakuhitaji kuitwa mara mbili. Paneli za Lavonne alikwisha kuziona kwa mbali na kuzitamani. Zilikuwa nane, kubwa, nyeusi, za kisasa, zimesimamishwa kwenye fremu kando ya trela. Moja kati yake ilizidi mbili za Wendell zikiunganishwa. Alifika saa sita na kidogo, amechana ndevu, na nyuma ya gari lake tela lenye zile paneli na jenereta yake ndogo.

Lavonne alimpeleka kwenye kontrola. Volti kumi na tatu na nukta sita. Ampea, nusu na ushee. Orrin alijizuia asitabasamu. Betri iliyoshiba namna hii ilikuwa inatunzwa na paneli nzima, tena nzima sana.

"Nadhani zimekufa," Lavonne akasema.

Orrin alipendezwa. Kwa kawaida maneno hayo yalikuwa yake.

"Umejuaje, mama?"

"Hazileti kitu. Tangu nilipopita Kansas hazileti kitu. Lakini mimi ni muuza magari tu, wewe ndiye mtaalamu. Zimekufa au hazijafa?"

"Zimekufa."

"Una hakika? Sitaki nikupe kitu kizima ukadhani ni kibovu."

Orrin akaweka mkono kifuani na kusema kwamba amewaona wafu wengi, lakini hawa wamekufa kuliko wote.

"Ngoja nikuchemshie chai, basi," akasema Lavonne. "Nina birika la umeme hapa." Na mkono wake ukaelekea kwenye swichi.

Orrin aliruka kuliko umri wake ulivyomruhusu. Alisema hanywi chai. Lavonne akasema kahawa ipo. Orrin akasema kahawa humpandisha presha. Lavonne akauliza kama maji ya moto yenye limau nayo yanapandisha presha, na Orrin akajikuta anaeleza kwamba daktari amemkataza vitu vyote vya moto, hata supu.

"Pole," akasema Lavonne. Akaliacha birika.

Ikabaki habari ya kuzichukua. Orrin alitoa ile hotuba yake ya huruma, kwamba angezitupa bure, lakini Lavonne alisema kuna bwana mmoja anazitaka azifanye paa la banda la kuku, naye ameahidi kitu. Orrin aliona kuku wakilala chini ya mali yake. Akasema, bila kufikiri sana, kwamba naye anaweza kutoa kitu. Lavonne akamtazama.

"Kwa paneli zilizokufa?"

"Natengeneza meza," Orrin akasema. "Kioo chake kinafaa kwa meza."

"Hizo zilizo kwenye tela lako, mbona hukuzitengenezea meza?"

"Hizo ni ndogo. Ni za... vigoda."

Lavonne akakubali maelezo hayo kwa heshima zote. Alisema yeye hana haja na fedha. Ana mbwa anayeteseka na jua, na anataka kumjengea kivuli. Kwa kuwa paneli za kwenye tela zimekufa, kama Orrin mwenyewe alivyowaambia wenye mali, na zake nazo zimekufa, kama alivyosema sasa hivi, basi wabadilishane, maiti kwa maiti. Ila zake ni kubwa, zina alumini nyingi, kwa hiyo Orrin aongeze na ile jenereta yake ndogo isiyopiga kelele.

Orrin alipiga hesabu kichwani. Zilizoko kwenye tela ni kuukuu, za kuokoteza. Hizi nane, akimpata mfugaji mwenye kisima cha pampu ya umeme, zingemlisha mpaka kiangazi. Na mtu mwenye mali kama hiyo ana haja gani na jenereta? Isitoshe, hakuona namna ya kumwambia huyu mama kwamba paneli za tela ni nzima. Alikubali, akajitahidi kuonekana mtu aliyepunjwa.

Lavonne alimwita Wendell aje kusaidia kupakia. Kabla ya kufungua hata skrubu moja, alimwomba Orrin arudie, mbele ya Wendell, kwamba hizi nane zimekufa, kwamba yeye amezikagua, na kwamba anazichukua kwa ridhaa yake. Alisema asingependa baadaye aambiwe amemdanganya mtu. Orrin akarudia kwa sauti kubwa, akaongeza na kiapo ambacho hakuna aliyekiomba. Wendell alikuwa anatazama paneli zake mbili zikishushwa kwenye tela, na macho yake mekundu yalikuwa yamefunguka vizuri kwa mara ya kwanza tangu zilipochukuliwa.

Siku ya gulio Orrin aliwahi nafasi ya mbele. Alizipanga nane zote zikielekea jua, akaziunga kwenye kontrola yake mwenyewe, na betri akaitumia makusudi mpaka ikabaki na njaa, ili wateja wazione ampea zikiingia kwa fujo. Mfugaji mwenye kisima alipatikana mapema kuliko alivyotumaini, mwanamke mwembamba mwenye buti za vumbi na lori tupu. Orrin akamkaribisha atazame kioo.

Ampea zilisoma nusu.

Orrin akakohoa, akasema mashine inaamka. Walingoja iamke. Akafuta vioo kwa kitambaa, akakaza waya, akageuza fremu kidogo kushoto, kisha kulia. Nusu. Akawasha feni, taa tatu na redio, ili kuwe na ulaji wa kutosha. Ampea hazikupanda. Zilizoshuka ni volti, kumi na moja na nukta tano, nukta nne, redio ikaanza kuimba kwa uzito.

Mwanamke yule akauliza, kwa adabu, kama labda betri imejaa. Orrin alitamani sana kusema ndiyo. Alikuwa amewatazama watu wakiitafsiri namba hii vibaya mwezi mzima, na sasa angetoa chochote ili naye aweze kuitafsiri vibaya. Lakini betri ilikuwa na njaa, jua lilikuwa kali, na nusu ampea hapo ilikuwa na maana moja tu. Aliinama, akauweka uso karibu na kioo cha paneli ya kwanza. Ndani, chini ya kioo kisicho na hata mkwaruzo, kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, zimesambaa kila upande. Ya pili hivyohivyo. Zote nane. Mvua ya mawe, na bila shaka huko Kansas.

Mfugaji alikuwa amekwisha kwenda kutazama mbuzi.

Orrin aliendesha gari mpaka kwa Lavonne akiwa ameandaa maneno makali. Alipofika, jambo la kwanza aliloliona ni paneli moja mpya, imelazwa bapa juu kabisa ya trela, mahali ambapo mtu aliyesimama chini akikodolea macho fremu hawezi kuiona. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimjazia betri mama huyu, anayepika kwa gesi na kusoma kwa taa moja. Jambo la pili lilikuwa trela ya Wendell, ng'ambo ya njia, paneli zake mbili zimerudi juu na mlango umefungwa. Mashine ya kupumulia ilisikika ikinguruma taratibu humo ndani, mchana wote huo. Wendell alikuwa analipa usingizi wake. Zile nyingine zilizokuwa kwenye tela hazikuwapo, zilikuwa zinameta tena juu ya trela za wenyewe. Mbwa alikuwa amelala juani.

Lavonne alikuwa ameketi kwenye kiti cha turubai, miguu juu ya jenereta.

Orrin akasema ametapeliwa. Alilisema neno hilo kwa ugeni, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake. Alisema paneli ni mbovu, zimepigwa na mawe, na kwamba yeye Lavonne alijua tangu Kansas.

"Nilikwambia tangu Kansas," akasema Lavonne.

"Hukuniambia kuna nyingine juu ya paa."

"Hukuuliza. Nilitaka kuwasha birika, ukasema daktari amekataza."

Orrin akasema atakwenda kwa sherifu. Alisema hivyo akielekeza kidole mjini, ili isidhaniwe anatania. Lavonne alitafakari kidogo, kama mtu anayemtakia mwenzake mema.

"Nenda," akasema. "Ni mtu msikivu. Mwambie, mkuu, nilimwambia mama mmoja paneli zake zimekufa, nikaapa, nikazichukua, na kumbe zimekufa."

Orrin aliyapanga maneno hayo kichwani kwa namna nyingi, akitafuta mpangilio ambao ungemwonyesha yeye kuwa ndiye aliyeonewa. Lavonne alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mwishowe Orrin akapanda gari na kushika barabara ya California, polepole kwa sababu ya mzigo. Waliompita njiani walimpungia mkono kwa heshima, maana paneli zile nane, ukiziona zinavyometa nyuma ya gari, ni nzuri sana.