Reli Imepita Jikoni Kwetu

Jumamosi, 4 Mei
Nimeshinda porini nikifuata reli iliyokufa. Mataruma yameoza, nyasi kiunoni, siafu wamenila miguu. Lakini nimeipata! Tuta lake linakuja moja kwa moja mpaka uani kwetu, linapita chini ya jiko la mke wangu. Jirani yetu, fundi saa, ana treni ndogo inayozunguka bustani yake, na majivuno hayamwishi. Na mimi najenga yangu, tena juu ya tuta halisi. Atajua hajui.

Jumatatu, 6 Mei
Treni tayari: makopo ya maziwa na mota ya feni. Feni ni ya mama mkwe, ila haitumii kila siku. Imezunguka mchicha mara moja, mara ya pili ikatumbukia kwenye beseni la nguo. Fundi saa alichungulia ukutani, akauliza tiketi zinauzwa wapi. Nikamjibu kwamba yake inapita juu ya mchanga wa kununua, yangu juu ya reli ya kweli. Akabisha. Nimekwenda ofisi ya reli kuomba waje wathibitishe.

Jumatano, 8 Mei
Wamekuja. Mpimaji ni mtu mpole. Alikunywa chai, akatazama tuta, akachora X nyekundu kwenye ukuta wa jiko. Eneo la reli, alisema. Jiko livunjwe kabla mwezi haujaisha. Jiko hilo ndilo linalotulisha. Mke wangu huoka mikate ya kuuza humo, mimi sina kazi. Hakunigombeza. Alikaa juu ya gunia la unga akalia. Mama mkwe akauliza feni yake iko wapi. Nimeona aibu sana.

Alhamisi, 9 Mei
Mke wangu alimfuata mpimaji mwenyewe, akamrudisha na kamba yake ya kupimia. Kumbe mataruma yalipoishia, tuta nililolifuata ni la mtaro wa maji machafu! Reli ilipita kwa jirani. X yetu imepakwa chokaa, na banda la kuku la fundi saa limepigwa yake. Mke wangu kanisamehe, kanipa mkate wa moto. Nimemwapia mama mkwe kwamba mambo ya reli basi.

Jioni fundi saa kasimama kando ya X yake, anawaonyesha wapita njia. Reli ya kweli, anasema, ni ya kwake. Banda lenyewe eti lilikuwa bovu.

Huu ni uonevu. Kesho naamkia ofisi ya reli, nikadai X yetu.