Kikao Chetu na Utepe Wenu Mwekundu

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,

Shikamoo. Umri wako siujui, lakini cheo ni kikubwa, kwa hiyo nimeona nisibahatishe.

Mimi ni msichana niliyemaliza shule juzi tu. Si mtu wa kulalamika. Dukani nikiomba sabuni nikapewa kiberiti, hushukuru nikaondoka. Lakini hili limenifika shingoni.

Nyumbani kwetu kuna sheria ya Bibi, mama yake Baba. Maneno "Kipindi Maalumu" yakitokea kwenye ule utepe mwekundu chini ya skrini, kila mtu aache alichoshika, avae viatu, akae sebuleni, na asiseme neno mpaka kiishe. Hata Baba, ambaye ni fundi cherehani na hushonea hapohapo sebuleni, huondoa mguu kwenye pedeli. Chanzo ni kwamba zamani, televisheni ya kwanza mtaani ilipoonyesha jua likipatwa, Bibi alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Alitoka mbio, macho yamejaa machozi, akakuta jua limesharudi. Mpaka leo hajavisamehe vitunguu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeiacha desturi yenu wenyewe. Bibi anasimulia kwamba kipindi maalumu kilikuwa kikija mara mojamoja, kama mgeni wa heshima: kupatwa kwa jua, mazishi ya kitaifa, usiku wa kuhesabu kura. Muziki ulikuwa mzito na msomaji wa habari alivaa tai nyeusi. Ukisikia tu, moyo unakulipuka. Baadaye ikaingia fainali ya mpira. Sawa. Kisha ikaja harusi ya wakubwa wa nchi za mbali, ambao hata kadi hawakututumia. Bibi anasema hapo ndipo mlipoharibika, maana mchovya asali hachovyi mara moja.

2. Mwezi huu mmetuletea Kipindi Maalumu cha uzinduzi wa sabuni ya unga, Kipindi Maalumu cha kupanga ratiba ya ligi (si ligi yenyewe), na juzi Kipindi Maalumu cha kukumbuka vipindi maalumu. Hicho cha mwisho kilikuwa na sehemu tatu. Tulivaa viatu kwa zote.

3. Suruali ya mwalimu mkuu ina mguu mmoja mpaka sasa. Mwenyewe alikuja kuifuata, utepe ukatokea, Bibi akamwambia, "Baba, kaa chini, vua kofia." Akakaa. Akatazama sabuni ikitoa povu mwanzo hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Bibi, mimi nilifuata suruali." Bibi akamjibu, "Na mimi nilifuata jua."

4. Hili ndilo linaloniumiza. Nataka kwenda chuo cha ufundi nikajifunze kutengeneza friji. Baba anataka nikae kwenye cherehani ya pili. Chuo kinafunga milango ya kupokea wanafunzi mwisho wa mwezi huu, na mwenye neno la mwisho kwetu ni Baba Mkubwa, kaka yake Baba. Amekuja mara tatu kusimamia kikao. Kila anapokohoa na kusema, "Haya, sasa kuhusu huyu mtoto," utepe wenu huo! Safari iliyopita alinong'ona, "Huyu atazeeka hajajadiliwa." Bibi akamkemea, "Shii! Wanafungua pazia."

5. Kwa kuwa sasa kila kitu ni maalumu, kilichoadimika ni cha kawaida. Kwa hiyo naomba siku mtakayoonyesha kipindi cha kawaida mtutangazie mapema, kwa muziki mzito na tai nyeusi, tukusanyike tukione. Kama haiwezekani, basi kila kipindi maalumu kipimwe kwanza na bibi mmoja aliyewahi kukosa kupatwa kwa jua. Wa kwetu yuko tayari kuja studio. Mkimkataa, itabidi niombe jua lenyewe lipatwe kila wiki, ili angalau muwe na sababu.

Nimeandika kwa adabu zote na kwa mkono uliolowa jasho. Nisalimie wasomaji wa habari, wapiga picha, na yule anayewasha utepe. Mwambie simchukii, najua katumwa. Nyumbani wote wanakusalimu, ingawa anayejua kwamba nakuandikia ni Mama peke yake.

Wako katika unyenyekevu,
Binti wa fundi cherehani

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu, umeme ulikatika mchana mtaa mzima na kikao kikafanyika. Wote wakanigeukia. Baba Mkubwa akasema, "Haya mwanangu, sema mwenyewe, unataka nini?" Nikasema nataka maji ya kunywa, nikaenda kuyafuata, sikurudi. Ameniahirishia hadi Jumapili saa nne asubuhi, na amesema hiyo ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu. Jumapili saa nne weka Kipindi Maalumu, chochote, hata cha rangi ikikauka ukutani. Nyuso zao zikishaelekea kwenye skrini, nitaweza kusema. Najua nitakuwa nimevunja sheria ya Bibi, lakini wengine hawatathubutu kuivunja, na Baba hataweza kunikatiza. Kiwe kirefu kidogo. Mimi hukwama kwenye neno la kwanza.