Vita vya Waya Mmoja

Enyi mlioketi na mliosimama, zimeni redio, mnyamazisheni anayecheka, kwani nasimulia jambo ambalo waandishi wa tarehe, kwa uvivu wao, hawakuliandika: jinsi Fundi Saa, simba wa vibano vidogo, mtengeneza mishale ya dakika, alivyouteka waya wa kuchajia magari katikati ya mji, mchana kweupe, watu wakitazama.

Siku hiyo mama mkwe wake alikuwa anafika stesheni kwa treni. Bibi huyo, mtoa hukumu zisizokatiwa rufaa, alilidharau gari la umeme la mkwewe tangu liliponunuliwa. Aliliita "simu yenye magurudumu", akaapa kwamba litamwacha njiani aaibike mbele za watu. Naye Fundi Saa, kwa kiburi kinachowaponza mashujaa wote, akajibu: "Mama, nitakuja kukuchukua na hilohilo." Kisha usiku akasahau kulichaji. Sasa ilibaki asilimia nne, na stesheni iko ng'ambo ya mji.

Akafika kituo cha kuchajia. Ole wake! Waya ulikuwa mmoja tu, nao umezama ubavuni mwa gari jeupe lililokwisha kushiba. Shujaa akauvuta kwa nguvu za mababu. Haukutikisika, kwa maana magari haya huubana waya mpaka mwenyewe afungue kwa ufunguo wake.

"Ndugu yangu, utang'oa bega," mlinzi wa kituo akanena kutoka kivulini. "Mwenye gari yuko kwa kinyozi, pale ng'ambo."

Fundi Saa akavuka barabara, akaingia kwa kinyozi, jeshi la mtu mmoja. Kitini alikaa Refa, mpuliza kipenga, mtoa kadi nyekundu. Ndevu zake zilikuwa zimenyolewa upande mmoja, upande wa pili ungali msitu.

"Ewe bwana wa gari jeupe!" akatamka shujaa. "Gari lako limejaa pomoni. Inuka, uuachilie waya, na wenye njaa nao wale!"

"Niinuke na sura hii, kaka?" Refa akajibu. "Mimi nimezomewa na viwanja vizima, sikuyumba. Lakini kutoka barabarani na ndevu nusu, sitoki! Wala ufunguo wangu hashiki mtu mwingine. Subiri nimalizwe."

"Ningesubiri, kaka. Ila mama mkwe yuko njiani."

Kinyozi akazima mashine. Refa akageuka taratibu, na pande zote mbili za uso wake zikajaa huruma.

"Mama mkwe? Sasa mbona unazunguka mbuyu? Ungeanza na hilo! Wa kwangu mpaka leo ananiita 'yule kijana'."

Ndipo msafara ulipotoka. Refa alitangulia, kitambaa cha kinyozi kikipepea mabegani mwake kama joho la sultani. Fundi Saa alikwenda ubavuni, ameinua koti lake kuuziba upande wenye ndevu. Nyuma akafuata kinyozi, asije mteja akapotea na kitambaa. Wenye maduka wakatoka milangoni, na mama mmoja akapiga vigelegele bila kujua sababu. Ufunguo ukabonyezwa, waya ukaachia, ko! Fundi Saa akaupokea kwa mikono miwili, akauchomeka kwenye gari lake, akazibembeleza asilimia zipande.

Simu ikalia. "Nimeshashuka," mama mkwe akasema. "Nichukue teksi, au?"

"Usithubutu!" shujaa akanguruma, kisha akakumbuka anasema na nani. "Yaani, shikamoo mama. Samahani, mama. Naja sasa hivi."

Akaja. Mama mkwe akapanda, akakumbatia mkoba wake, akangoja gari lizimike. Kwenye kona halikuzimika. Kilimani halikuzimika. Fundi Saa aliogopa hata kukohoa. Walipoingia mtaani kwao, mama mkwe akashusha kioo, akatengeneza kilemba.

"Mwanangu," akasema, "usisimame kwanza. Zunguka tena, polepole. Majirani zako hawajaniona vizuri."

Basi na iandikwe kwa wino usiofutika: siku ile Fundi Saa aliuzunguka mtaa mara tatu, na mara zote tatu mama mkwe alipunga mkono.