Malalamiko Dhidi ya Bunduki Namba 417

Ndugu Fundi Silaha,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa, na kikombe chako cha chai kiko mbali na karatasi. Mimi ni yule mlinzi wa mlango wa nyuma wa ghala, mwenye masharubu. Nakuandikia kuishtaki bunduki yangu. Haijaharibika, maana ningesema imeharibika. Ina kiburi.

Jumamosi ni jaribio la shabaha. Msimamizi amenieleza wazi kwamba nikishindwa tena nitarudisha bunduki na kukabidhiwa daftari la getini, niwe mtu wa kuandika namba za magari. Nimebeba bunduki miaka kumi na tisa, Ndugu Fundi. Daftari litanivunja moyo, sikufichi. Kwa hiyo pokea makosa yake kama ifuatavyo:

1. Inakataa kufungwa. Nikishaweka risasi, ile bolti, yaani chuma cha kuvuta na kusukuma kwa mkono, inaingia vizuri halafu inagoma kulala. Naibembeleza, inanuna. Naisukuma kwa kiganja, ndipo inakubali shingo upande. Jaribio lililopita wenzangu walimaliza risasi tano, wakaenda kunywa chai, wakarudi, mimi bado nahangaika na ya tatu.

2. Haina shukrani. Kila Jumatatu naitoa risasi zote, nachungulia chemba, pale risasi inapokaa, mara mbili kuhakikisha ni tupu, nachomoa bolti, napitisha ufito mtutuni mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kisha tone moja la mafuta, si mawili, kama ulivyotufundisha. Viatu vyangu mwenyewe sivitunzi hivyo. Mke wangu ni shahidi, ila usimuulize zaidi ya hapo.

3. Inang'ang'ania maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, haitaki kuyatoa. Kiganja changu kimeota sugu kwa kuipigapiga bolti, hata mhudumu wa zahanati aliniuliza kama siku hizi nafanya useremala.

4. Inanidhalilisha mbele ya shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu, analinda mlango wa mbele, na tunasafisha bunduki zetu pamoja kwenye meza moja ya chumba cha walinzi. Mimi nasugua, yeye anapiga soga. Hata hivyo anatangaza kwamba yake haijawahi kumsumbua hata siku moja. Siku ya jaribio hakupiga, kwa sababu mgongo ulimshika asubuhi ileile. Ulimwachia mchana, wakati wa chakula.

Kwa hayo yote naomba bunduki hii ipewe onyo la maandishi na nakala iwekwe kwenye faili lake. Isipojirekebisha, isimamishwe kazi siku kumi na nne bila mafuta. Ikiendelea na ukaidi, ihamishiwe kwa shemeji, nami nipewe ya kwake. Mtu mwangalifu na bunduki yenye adabu wanastahili kuwa pamoja, na shemeji atapata wa kupiga naye soga.

Nisalimie mama watoto, karani wako aliyekuwa anakohoa, na bunduki zote zinazojiheshimu hapo kwenye rafu.

Wako katika kazi, kwa kiganja kilichovimba,

Mlinzi wa Mlango wa Nyuma

Tanbihi: Nimeshatia saini ndipo nikakumbuka kwamba hupokei malalamiko bila namba za vyuma vyote. Nimekwenda kunakili. Mtutu umeandikwa 417. Bolti imeandikwa 418, nayo 418 ni bunduki ya shemeji. Bolti tulizichanganya pale mezani, yeye akiwa katikati ya hadithi na mimi nikiwa hoi kwa kicheko. Nimetoka mbio kwenda kumgombeza, nikamkuta amejiinamia anakuandikia wewe, yuko ukurasa wa tatu, kwamba bunduki yake inafungwa kilaini mno, inagonga risasi bila kulia, na kwamba anaomba sana, kabla ya Jumamosi, apewe ya kwangu. Ndipo tukakumbuka ulivyotufundisha, kwamba bolti isiyo ya bunduki yake inaweza kumlipukia mpigaji usoni. Kesho asubuhi tunakuja wote wawili, bunduki tupu, uzikague kabla hatujazigusa tena. Tafadhali tufungulie mapema, kabla msimamizi hajafika.