Miche Arobaini na Kopo la Hina

Jumatatu, 1 Machi 1971
Nafasi ya kazi ya kudumu ni moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Zedekiah. Sharif Mohdhar, babake mchumba wangu Salme, ameshasema bila barua ya kudumu hakuna harusi.

Bibi Peres, mkuu wetu hapa shamba la utafiti, Uthiru, anataka kujua kama haya majani ya ng'ombe, jamii ya kunde, hujichavusha yenyewe au nyuki huyaletea chavua ya jirani. Mama wa mbegu zangu, yaani mmea uliozizaa, ana shina la kijani. Majirani zake wote mashina mekundu. Miche ikitoka ya kijani tupu, mama alijichavusha. Ikitoka myekundu, kuna mgeni aliingia. Nikamwambia mbele ya watu: Bibi, huyu hatoki nje. Zedekiah akachekea puani. Mshenzi!

Jumatano, 3 Machi
Balaa! Mche mwekundu kwenye trei yangu! Nikainama vizuri. Saba! Saba kati ya mia mbili. Aibu imenishika utadhani ni mimi niliyetoka nje. Niaibishwe na kunde? Nimeing'oa yote, nikamtupia mbuzi wa jirani. Amekula bila maswali. Nikafukia mashimo kwa kidole.

Alhamisi, 4 Machi
Sikulala. Kumbe nimejimaliza! Wakati wa chai Zedekiah kasema Bibi Peres anaiombea hiyo hiyo myekundu. Eti majani yakijioa yenyewe tu, yote hufanana, na ugonjwa mmoja hufyeka shamba zima. Yakichanganyika, hayakosi machache yatakayopona. Alikuwa akinitazama usoni. Anajua? Hajui. Anajua!

Nikaomba ruhusa ya jino, nikashuka mjini kwa kina Salme. Ana kopo la hina, kajiwekea ya harusi yetu. Nikamwambia naihitaji kazini. Akauliza kazi gani ya serikali inatumia hina. Nikasema ni siri. Akanipa, mdomo kaukunja.

Saa kumi nilikuwa nimeinamia trei na njiti ya kiberiti, napaka mashina. Nilikusudia saba. Nikaona saba ni uchoyo. Nikapaka arobaini.

Ijumaa, 5 Machi
Bibi Peres kahesabu. Kavua miwani, kahesabu tena. Akasema Jumanne jioni alipita mwenyewe, akaandika saba. Jasho! Nikamwambia hii mbegu ina bidii. Akauliza mbona huu ni mwekundu upande mmoja. Nikasema bado unafikiria. Akaugusa. Kidole kikatoka cha bibi harusi! Zedekiah alicheka mpaka akakalia toroli.

Bibi hakufoka. Afadhali angefoka! Alisema ile miche saba ilikuwa ya kwanza kuiona kwa miaka mitatu, akauliza iko wapi. Nikamwonyesha mbuzi. Akageuka, akafuta miwani kwa muda mrefu. Niliona haya, wallahi.

Jumatatu, 8 Machi
Barua kapewa Zedekiah. Sharif Mohdhar kaahirisha harusi. Salme hasemi nami.

Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya kujirekebisha. Kazi: kukaa kando ya maua, saa mbili hadi saa sita, na kuhesabu kila nyuki anayetua. Bibi kasema anataka kweli tupu. Nikaapa, hata machozi yakanitoka.

Hadi saa sita wametua wawili. Wawili! Bibi wa watu atavunjika moyo. Nimeandika mia moja na kumi na saba. Mia kamili angeitilia shaka.