Asilimia Tano ya Osward

Kirumba, Mwanza

Kwa Mzee Ishengoma, mzazi mwenzangu nikijaliwa,

Shikamoo. Huku wote wazima, isipokuwa dagaa. Naandika kwa heshima zote kumlalamikia mwanao Osward, anayetaka kumwoa binti yangu Precious. Nimegoma mpaka haya yajibiwe.

1. Kazi ya Osward chuoni ni kuchunguza hali ya hewa ya ziwa letu kwa fizikia ya takwimu. Nilimwuliza kistaarabu kama mvua itanyesha. Akasema asilimia thelathini. Nilikuwa na makarai kumi ya dagaa, basi nikaanika saba, matatu nikayaacha ndani. Mzee, kuna hesabu nzuri kuliko hiyo? Mvua ikalowesha yote saba! Nilipomfuata, akasema utabiri wake ulikuwa sahihi. Sahihi! Dagaa wanaelea, yeye yuko sahihi.

2. Anadai chembe moja ya hewa hajui itakwenda wapi, ila zikiwa mabilioni anaijua tabia yao. Sasa mimi sina mabilioni ya mabinti. Ninaye Precious mmoja tu. Huyo atamjuaje?

3. Precious naye keshaharibika. Nikimwuliza kama ugali umeiva, eti kwa wastani.

4. Hili ndilo limenimaliza. Mbele ya mashangazi nilimwuliza Osward kama kweli ataoa. Badala ya kuapa kama wanaume wengine, akakuna kidevu, akasema asilimia tisini na tano. Shangazi Odeta akapaliwa na chai. Sasa padri amwulize mara ishirini ili akatae mara moja?

Naomba umwamuru aache kazi hiyo, la sivyo mvua iache kunyesha. Chagueni lililo rahisi kwenu.

Msalimie Mama Kokugonza, majirani wote, na migomba.

Wako katika unyevunyevu,
Rebeka Kashindye

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, wingu likatanda. Hapa mwaloni, sokoni kwetu kando ya ziwa, watu wakatimka hovyo, kila mtu na njia yake. Osward akaja mbio moja kwa moja hadi kwenye turubai langu, viatu mkononi, na makarai yote kumi yakaingia makavu. Nikamwuliza ile asilimia tano ilikuwa ya nini. Akainamisha kichwa, akasema ni hofu kwamba mimi nitakataa.

Jamani! Nimeiondoa. Leteni posa Jumamosi. Anasema siku hiyo mvua ni asilimia arobaini, kwa hiyo mkija kumi, wanne wabebe miavuli.